Kamera yako inalala wapi? Funzo nililolipia Kisumu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana wa Likoni, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Amenunua kamera ya mtumba na lenzi mbili, anataka kuanza kupiga picha za harusi. "Ami, nizihifadhi vipi nyumbani?" akaniuliza. Nikamwuliza wakati ule ziko wapi. Akanijibu kwa fahari kwamba ziko salama: ndani ya mkoba wake, zipu imefungwa, mkoba umewekwa chini kabisa ya kabati la nguo.

Nilimwambia akazitoe kwanza, kisha tuendelee na mazungumzo.

Jibu nililompa lilikuwa refu, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, naliandika hapa.

Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imeniweka Kisumu, na ni huku nilikojifunza somo hili kwa hasara. Mei 2022 mji huu ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa Africities, na sisi wapiga picha tulipata kazi nyingi, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Mkutano ulipokwisha nikaifuta kamera kwa nje, nikairudisha lenzi yangu bora katika kifuko chake cha ngozi, nikaiweka kabatini. Kwa miezi mitatu sikuigusa, nikawa natumia lenzi nyingine ndogo.

Agosti nikaitwa kupiga picha za nikahi. Nyanya yake bi harusi alikuwa amesafiri kutoka Lamu, safari ndefu kwa mtu wa umri wake. Nilimpiga picha nyingi akiwa amekaa karibu na dirisha. Nilipozifungua kwenye kompyuta usiku ule, zote zilikuwa na weupe uliotandaa, kana kwamba nimezipiga kupitia chandarua. Nikaimulika lenzi kwa tochi ya simu. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe, zimesambaa kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu, ambayo wengine huiita fangasi.

Bibi yule alifariki kabla ya mwaka kwisha. Picha walizobaki nazo za siku ile ndizo hizo. Hakuna aliyenilaumu, lakini mimi najua kilichotokea.

Adui mkubwa ni unyevu

Wengi hudhani adui wa kamera ni vumbi. Vumbi lina ubaya wake, lakini chembe chache juu ya lenzi huwa hazionekani kwenye picha. Kuvu ni kiumbe hai. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, zikingoja unyevu, joto la wastani, giza na hewa iliyotulia. Chakula hazikosi: mafuta ya kidole, vumbi la nguo, mabaki ya mdudu.

Zeiss, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza lenzi, inaeleza kwamba hatari huwa kubwa pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 70 au zaidi kwa zaidi ya siku tatu, na joto likiwa kati ya nyuzi 10 na 35. Zisome tena nambari hizo, kisha uifikirie Mombasa, Lamu au Kisumu. Sisi twaishi ndani ya hesabu hiyo.

Kuvu ikishamea hutoa asidi. Asidi hiyo hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao, na baadaye hukila kioo chenyewe. Ikifika hapo fundi aweza kuifuta kuvu, lakini alama zake hubaki.

Kisumu ilinidanganya. Mji uko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, jua lake ni kali, na upepo wa ziwani hauna chumvi. Nikajiona nimepona kutu ya pwani, nikasahau kuwa kuvu haihitaji chumvi. Baada ya hasara ile nikanunua kipima unyevu kidogo cha betri. Alfajiri kilisoma zaidi ya asilimia 80. Saa nane mchana, siku ya jua, kikashuka chini ya 50. Lakini nilipokitia ndani ya kabati la nguo, kilibaki juu ya 70 mchana kutwa. Nguo na mbao hunywa unyevu usiku na kuutoa polepole mchana. Mkoba wa kamera nao ni hivyo hivyo, kwa sababu sifongo na kitambaa vyake hushika maji ya hewa. Kifuko cha ngozi ndicho kibaya zaidi, maana ngozi yenyewe huota kuvu. Mkoba ni wa kubebea. Si mahali pa kulaza lenzi.

Sanduku la mtu wa kawaida

Yako makabati ya umeme yaliyotengenezwa kwa kazi hii. Ni mazuri, lakini bei yake si ya anayeanza, na umeme wetu mnaujua. Mimi natumia chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, kikubwa, chenye mpira kwenye kifuniko na vibanio pembeni. Kijaribu kwanza: tia karatasi ya shashi kavu ndani, funga, kididimize kwenye karai la maji dakika chache. Karatasi ikitoka kavu, chombo kinafaa.

Ndani yake tia silika jeli, zile chembechembe za kunyonya unyevu zinazokuja katika masanduku ya viatu. Vijipakiti vya viatu havitoshi, na mara nyingi vimekwisha kushiba. Nunua za jumla, zinazobadili rangi zikishiba. Chagua za rangi ya machungwa. Zile za buluu zinazogeuka waridi zina madini ya kobalti, ambayo ni sumu, na si za kuachwa watoto wanapocheza. Chombo changu cha lita 10 hutumia takribani gramu 200. Zifunge katika kifuko cha kitambaa kilichoshonwa vizuri ili vumbi lake lisiifikie lenzi.

Zikishiba usizitupe. Zimimine kwenye trei, uzitie katika oveni ya nyuzi kama 120 kwa saa mbili, mpaka rangi irudi. Asiye na oveni atumie sufuria pana juu ya moto mdogo, akikoroga. Sufuria hiyo iwe ya kazi hiyo tu, isirudi jikoni kupikiwa. Ziache zipoe ndani ya chupa iliyofungwa kabla ya kuzirudisha.

Kipima unyevu nacho kiingie sandukuni. Unachotafuta ni kati ya asilimia 40 na 50. Usikaushe hadi chini ya 30, maana grisi ya ndani ya lenzi na mpira wa kamera pia huumia kwa ukavu.

Na sanduku lifunge mchana. Ukilifunga alfajiri au usiku wa mvua, unafungia unyevu wote ule ndani. Kwetu Kisumu mimi hungoja baada ya adhuhuri, jua likiwa limewaka. Kule pwani, ambako hewa haikauki sana hata mchana, silika ndiyo itafanya kazi kubwa, basi iongeze.

Kabla ya kufunga, puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, kwani pumzi ina mate. Futa alama za vidole kwa kitambaa laini cha lenzi. Vifuniko viwepo mbele na nyuma ya lenzi, na kwenye mdomo wa kamera. Toa betri, uiache na chaji kama nusu. Betri za kawaida za flashi zitoe pia, maana zikivuja huharibu mguso wa shaba.

Yasiyofaa

Mchele hunyonya kidogo sana na huacha vumbi la wanga, ambalo kwa kuvu ni chakula. Chumvi ikilowa hutoa maji ya kulisha kutu. Vidonge vya kafuri na vya kufukuza nondo, ambavyo mama zetu huviweka kwenye kanga na kanzu, hutoa mvuke unaodhuru plastiki na mafuta ya kamera. Hiyo ni sababu nyingine ya kuihamisha kamera kutoka kabati la nguo. Na chetezo kinapopitishwa chumbani, sanduku liwe limefungwa. Moshi wa udi ni mtamu puani, lakini juu ya kioo huacha utando wa mafuta.

Kwa walio mwambao wa ziwa, wale wadudu wadogo wanaopaa kama moshi hufuata taa usiku. Usibadilishe lenzi chini ya taa. Akitua mmoja kwenye kioo, mpulize, usimsugue. Sanduku liwe juu, si sakafuni: mwaka 2020 ziwa lilifurika, maji yakaingia majumbani mwa watu wengi wa mwambao.

Na ukitoka kwenye baridi, iwe chumba cha kiyoyozi au basi la usiku kupitia Kericho, usiifungue kamera mara moja kwenye hewa ya joto. Itafanya umande nje na ndani. Iache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa saa moja au mbili ipate joto taratibu.

Mulika kila mwezi

Kila mwezi toa lenzi zote, uzimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukizitazama kutoka mbele. Fanya vivyo hivyo kabla ya kununua lenzi ya mtumba, hata muuzaji akinuna. Ukiona nyuzi au madoa kama theluji, itenge, uipeleke kwa fundi mapema. Usiianike juani kwa kutarajia kuiua kuvu, kwani lenzi juani yaweza kukusanya miale ikachoma kitu. Na zitumie lenzi zako. Lenzi inayotoka nje na kuona mwanga haimei kuvu kwa urahisi.

Kijana wa Likoni alinipigia tena jioni ile ile. Lenzi moja ni safi. Nyingine ina doa dogo ukingoni, kama punje ya ufuta. Alitaka kuipeleka kwa fundi baada ya harusi anayoiandalia. Nimemwambia aipeleke kesho, na harusi aipige kwa ile moja iliyo safi.