Chunusi Ukubwani: Ipe Ngozi Yako Mapumziko

Saa kumi na mbili asubuhi, Chukwani. Umeshaswali, umeshabandika chai jikoni, unapita mbele ya kioo. Loh! Kidevuni limeota jingine. Gumu, linauma ukiligusa, na lile la wiki iliyopita limekuachia doa jeusi kama alama ya makaa. Una miaka 33. Watoto wawili, kazi yako unayo, na harusi ya mdogo wako imebaki miezi mitatu. Chunusi za nini tena jamani, si zilikuwa za skuli?

Kabla ya adhuhuri kila mtu ameshakuwa mganga wako. Jirani: “Shoga, kamulia ndimu, zitakauka zenyewe.” Shangazi: “Mwanangu, manjano na asali, sisi tulipona hivyo hivyo.” Wifi naye anakuvuta pembeni, anatoa kikopo kisichokuwa na jina: “Siku saba tu utang'aa, ila usimwambie mtu.” Ukirudi jioni umeshajaribu viwili kati ya vitatu, na uso unawaka kama umepakwa pilipili.

Msomaji wangu mpenzi, kama hapo umejiona, makala hii ni yako. Na shauri lake ni moja: fanya kidogo. Chukwani yenyewe ina historia ya jambo hilo. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka 1888, alijenga kasri lake hapa, kusini mwa mji, ufukweni, mahali pa kupumzisha mwili na kupata nafuu. Upepo wa bahari, kimya na muda ndivyo alivyovifuata. Ngozi yenye chunusi nayo inataka mambo hayo hayo.

Kwani sijamaliza kubalehe?

Umemaliza, usiwe na wasiwasi. Chunusi za ukubwani ni jambo la kawaida, na zinawasumbua wanawake kuliko wanaume. Chini ya ngozi kuna vifuko vidogo vinavyotoa mafuta. Homoni zikivichochea, mafuta yanazidi, yanachanganyika na ngozi iliyokufa na kuziba vitundu. Bakteria wanaoishi humo siku zote wanapata karamu, mwili unapambana nao, na hapo ndipo uvimbe, wekundu na usaha vinapotokea.

Kwa mtu mzima chunusi hupenda kukaa kidevuni, kwenye taya na shingoni, na mara nyingi hupanda siku chache kabla ya hedhi. Kwa baadhi ya wanawake, sindano au vijiti vya uzazi wa mpango huziongeza. Ukishuku hilo, zungumza na mhudumu wa afya kwanza, usiache njia yako kienyeji. Mawazo na kukosa usingizi navyo huchochea. Uchafu? Hapana. Huna chunusi kwa sababu huogi, na anayekuambia hivyo hajui anachokisema.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kiini. Ngozi yetu nyeusi na ya maji ya kunde ikiumia, hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Ndiyo maana chunusi inapoa kwa wiki moja lakini doa lake linakaa miezi. Kila ukiikamua, ukiisugua au ukiiunguza, unaongeza doa. Kwa hiyo kwa sisi, kuwa mpole kwa ngozi si mapambo wala uvivu. Ndiyo kinga yenyewe ya madoa.

“Ya asili” siyo lazima iwe pole

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunadhani kitu kikitoka shambani au jikoni hakiwezi kudhuru. Mwenzangu, hata upupu unatoka shambani!

*Ndimu.* Asidi yake ni kali mno kwa uso. Mbaya zaidi, maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na ukatoka juani, yanaweza kukuunguza hasa, ukatoka malengelenge na madoa yanayochelewa kuondoka. Iache kwenye urojo.

*Mafuta ya karafuu.* Ni fahari yetu, na Pemba ndiko karafuu nyingi zinakotoka. Lakini sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kitu kile kile kinachotia ganzi jino linalouma. Ukiyapaka usoni bila kuyazimua, unaikaribisha michomo.

*Mafuta ya nazi.* Kwa nywele, miguu na viwiko, hewala. Kwa uso wenye chunusi, mara nyingi huziba vitundu. Na hata ukiyapaka nywele tu, hutiririkia kwenye paji la uso. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliandika juu ya chunusi za aina hii, zinazopanga safu kwenye paji na pembeni mwa uso kwa wanaotumia mafuta mazito ya nywele. Basi paka kuanzia katikati ya nywele kwenda nchani, na ulale umefunga kitambaa safi.

*Asali.* Haina ukali, lakini usiitarajie makubwa. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand walitoa matokeo ya kuijaribu asali ya kanuka kwa watu 136 wenye chunusi. Waliopaka asali pamoja na kutumia sabuni hawakupona zaidi ya waliotumia sabuni peke yake.

*Sabuni ya mwani.* Kilimo cha mwani kilianza kwetu 1989 kule Paje na Jambiani, na akina mama ndio waliokishika. Leo wapo wanaotengeneza sabuni zake, nzuri na zenye harufu tamu. Inunue, muunge mkono mama. Ila kumbuka kuwa sabuni yoyote ya kipande, hata ya mwani, ina nguvu ya magadi, wakati ngozi kwa asili yake ina uasidi kidogo. Mwilini sawa. Usoni, ukiona unakaza kama ngozi ya ngoma baada ya kunawa, sabuni hiyo haikufai.

Liwa, msio na singo

“Basi na liwa nayo niache?” La, hapana. Liwa ni katika vitu vipole tulivyorithi. Unaisugua kwenye msio kwa maji au marashi ya mawaridi, unapata uji mwepesi unaopoza. Bibi zetu waliwapaka hata watoto wenye harara wakati wa joto la kaskazi. Ichukulie hivyo hivyo, kama kiburudisho cha ngozi na siyo dawa ya chunusi.

Masharti yake ni haya. Msio uwe safi na uwe wako. Uji paka kwa ncha za vidole, usiusugue. Usiuache ukakauka mpaka ukapasuka, bali uoshe ungali na unyevu. Mara moja kwa wiki inatosha. Na kabla ya yote jaribu kidogo nyuma ya sikio, usubiri siku mbili. Ukiwashwa, si yako hiyo.

Singo ni hadithi nyingine. Asumini, mlangilangi, mawaridi, karafuu na liwa ndani yake, raha tupu, na harusi ya Kiunguja bila singo inakosa utamu. Lakini singo ni ya kusugua. Uso wenye chunusi mbichi ukisuguliwa, unazipasua na kuzidisha uvimbe. Kwa hiyo mwambie somo au anayekusinga, kwa adabu lakini bila kuona haya: “Shingoni kwenda chini, bibi. Uso uniachie.”

Kikopo cha wifi

Tuseme kweli, wengi hawaingii kwenye mkorogo kwa kutaka weupe. Wanaingia kwa kutaka kufuta madoa ya chunusi. Kikopo kinafanya kazi, hilo ndilo tatizo! Wiki ya kwanza uso unalainika, wekundu unakwenda, kila mtu anakusifu. Mara nyingi ndani mna steroidi kali, dawa ya daktari inayozima uvimbe kwa haraka. Ukiendelea nayo inaipunguza ngozi unene, mishipa inaanza kuonekana, na inaleta chunusi zake yenyewe, nyingi kuliko za mwanzo. Ukiacha, uso unalipuka. Unakirudia kikopo. Ndiyo mtego huo.

Na kama mna zebaki, madhara yanaingia mpaka kwenye figo, na kwa mjamzito yanamfikia mtoto. Vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na kwa Zanzibar Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, ndio wenye kazi ya kuvidhibiti. Kanuni ni nyepesi: kikopo kisichoandikwa kilichomo ndani hakiingii chumbani kwako, hata kama kimetoka kwa wifi unayempenda.

Kama umeshakitumia miezi mingi, usijilaumu, na usihangaike peke yako. Kipeleke kikopo chenyewe kwa daktari akakione. Kuna namna ya kutoka humo taratibu.

Ratiba ya mapumziko: miezi mitatu

*Asubuhi.* Nawa uso kwa maji ya kawaida, au kwa kisafishio laini kisicho na manukato. Tumia vidole, siyo dodoki. Kausha kwa kuugandamiza taratibu na kitambaa chako peke yako, siyo ile kanga inayopita kwa kila mtu. Paka losheni nyepesi ambayo chupa yake imeandikwa kuwa haizibi vitundu, kisha ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Ndiyo, hata sisi weusi, kwa sababu jua hukoleza madoa.

*Mchana.* Ukitoka jasho, futa kwa leso safi kwa kugusagusa. Kitambaa cha ndani ya mtandio kibadilishe kila siku, maana jasho na msuguano pale kwenye taya na paji huchochea chunusi. Mikono usoni, mwiko.

*Jioni.* Toa wanja na poda zote, nawa, na upake dawa moja tu. Ukitaka ya asili iliyopimwa, ipo ile inayoandikwa tea tree kwenye chupa, mafuta ya mti wa Australia. Mwaka 1990 watafiti wa huko waliijaribu jeli yake ya asilimia 5 kwa watu 124, wakiilinganisha na benzoili peroksaidi ya kiwango hicho hicho. Zote mbili zilipunguza chunusi. Ile ya mti ilichelewa kuanza kufanya kazi, lakini iliwasumbua watu kidogo zaidi. Nunua jeli iliyokwisha kuchanganywa. Usipake mafuta yake makali peke yake, na usithubutu kuyanywa. Ikishindikana, benzoili peroksaidi hupatikana kwenye maduka ya dawa. Anza na kiwango cha chini, na angalia isiguse nguo, hupausha rangi.

Foronya ibadilishe kila wiki. Na chakula? Baadhi ya tafiti zinaonyesha kuwa soda, vitamu na vyakula vya unga mweupe kwa wingi huchangia kwa watu wengine. Punguza, uone. Lakini usijinyime karamu ya harusi kwa ajili ya chunusi moja.

Kisha subiri. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, wiki ya pili tu wameshabadilisha dawa. Matibabu mengi ya chunusi huhitaji wiki 8 mpaka 12 ili uone tofauti ya kweli. Kwa harusi ya mdogo wako, ukianza leo, utawahi.

Ikiwa haisikii

Miezi mitatu ikipita bila nafuu, au ukipata mavimbe makubwa ya ndani yanayoacha makovu, nenda hospitali. Vilevile kama hedhi yako haina mpango na ndevu zimeanza kuota kidevuni, sema yote mawili kwa daktari, kwani huenda ni homoni zinazotaka kuangaliwa. Na kama una mimba au unaitafuta, mwambie kabla hajakuandikia chochote. Baadhi ya dawa za chunusi, hasa za kundi la retinoidi, haziendi na ujauzito kabisa. Madaktari wa ngozi wapo Afrika Mashariki. Pale KCMC Moshi kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992.

Na wewe, mume

Neno moja kwa akina baba wanaosoma gazeti hili kwa kuibia. Mkeo anajua kuwa ana chunusi. Kioo kimeshamwambia kabla yako. Ukimuuliza “Mbona uso umeharibika?” unamsukuma kwa mikono yako miwili kwenye kikopo cha wifi. Mnunulie losheni ya jua, mwambie kapendeza, unyamaze. Na kama mwenyewe unatoka vipele kila ukinyoa, ushauri ni ule ule: lainisha ndevu kwa maji ya vuguvugu, nyoa kufuata zinakoelekea, usirudierudie wembe, na ikiwezekana ziache fupi badala ya kuzikwangua.

Sasa, shoga yangu wa Chukwani, jioni ya leo jua likianza kuzama upande wa bahari, nawa uso wako, paka kile kimoja ulichokichagua, na ufunge kabati. Ndimu irudishe jikoni. Kikopo kisicho na jina kiweke pembeni, kesho ukamuulize daktari. Siku ya harusi huenda ukawa na doa moja au mawili bado, na wala hakuna atakayeyahesabu. Utakuwa umesimama karibu na mdogo wako kwa uso wako mwenyewe, usiowaka wala kukaza.