Mashine na Udongo wa Kongwa

Watu wengi hudhani ya kuwa mashine yaweza kushinda kila neno, maadamu fedha zipo. Habari za karanga za Kongwa, katika nchi ya Ugogo, zatufundisha kwamba sivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 John Wakefield na wenziwe wawili walitumwa kuikagua Afrika ya Mashariki, wakaikagua kwa majuma 9 tu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kwa kusudi la kulima eka zaidi ya milioni 3. Matrekta yaliletwa, na hata vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Lakini haraka haina baraka. Vichaka na mizizi vilivunja mashine. Mvua ikawa haba. Na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu mno, hata karanga hazikung'oleka. Wagogo walijua tangu zamani ya kuwa nchi yao ni ya ukame, ndiyo sababu walipanda uwele na mtama na kufuga ng'ombe. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zaidi ya milioni 35 zilikuwa zimepotea.

Hatusemi haya kwa kuidharau sayansi. Kupima mvua na udongo ni sayansi. Kuamuru kabla ya kupima siyo. Basi, wazee na walimu, mpango mpya uletwapo kijijini, yatupasa kuuliza: Nani amepima? Na wenyeji wameulizwa?