Siri ya ndovu kumkimbia nyuki

NDOVU dume aliyekomaa anaweza kufikisha uzani wa kilo 6,000, ilhali gramu moja tu ni uzani wa nyuki wapatao 10. Hata hivyo, mvumo wa nyuki waliochokozwa hutosha kuwafanya ndovu waache malisho na kutimua mbio.

Kwa wakulima wanaopakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki, Kaunti ya Taita Taveta, jambo hili si la kuchekesha. Shamba la mahindi huweza kufyekwa na ndovu kwa usiku mmoja, na wapo watu waliopoteza maisha wakijaribu kuwafukuza kwa mienge na kelele za madebe.

Kila kiumbe hai hupokea ishara kutoka kwa mazingira yake na kuziitikia. Ishara hizo, ambazo wanabayolojia huziita vichocheo, ni kama vile mwanga, sauti, joto, harufu na mguso. Mche wa mahindi uliofungiwa gizani huinamia ufa unaopenyeza mwanga. Mnyama naye hupokea kichocheo kupitia milango ya fahamu, neva zikakifikisha kwenye ubongo, kisha ubongo ukaamua la kufanya.

Milango ya fahamu ya ndovu ina uwezo wa ajabu. Mnyama huyu ana takriban chembe za urithi 2,000 zinazohusika na kunusa, mara tano ya alizo nazo binadamu. Aidha, ndovu huwasiliana kwa sauti nzito ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzinasa, na huhisi mitetemo ya ardhi kupitia nyayo zake.

Lakini kunusa na kusikia ni mwanzo tu. Muhimu zaidi ni maana ambayo ndovu amejifunza kuipa ishara hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa ndovu wa Amboseli huogopa zaidi nguo iliyovaliwa na Mmaasai kuliko ile ya Mkamba. Mnamo 2014, utafiti mwingine ulibaini kuwa wanatambua sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao jadi huwachoma ndovu mikuki, na kuzihofia kuliko za wanawake na wavulana wa jamii hiyo hiyo.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa nyuki. Mwaka 2007, mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Samburu, ambapo ndovu walichezewa kanda ya sauti za nyuki waliochokozwa. Asilimia 94 ya familia za ndovu ziliondoka katika muda wa sekunde 80. Zilipochezewa kelele za kawaida, ni asilimia 27 pekee zilizoondoka.

Ni kweli kwamba mwiba wa nyuki hauwezi kupenya ngozi nene ya ndovu. Hata hivyo, nyuki hushambulia palipo laini: kando ya macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Isitoshe, utafiti wa 2010 ulionyesha kuwa ndovu wakisikia nyuki hutoa mngurumo maalumu wa tahadhari unaowafanya wenzao pia waondoke.

Ujuzi huu ndio uliozaa ua wa nyuki, unaotumiwa na wakulima wa Sagalla, karibu na mji wa Voi. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika. Nyuki nao huitikia mtikisiko huo kwa kutoka kwa hasira, na anayeuma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzake waje kushambulia.

Ripoti ya utafiti wa miaka tisa huko Sagalla, iliyotolewa 2024, ilionyesha kuwa ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia mashamba katika misimu ambayo mimea ilistawi kati ya 2014 na 2020. Fauka ya hayo, wakulima hupata asali ya kuuza.

Lakini ua huu una udhaifu wake. Kiangazi cha mwaka 2017 kilipunguza idadi ya mizinga yenye nyuki na mazao ya asali kwa asilimia 75, na athari hizo zilidumu miaka mitatu.

Hatari iko hapo. Kichocheo kinachojirudia bila kuandamana na madhara hupoteza nguvu, na mnyama mwenye kumbukumbu ya ndovu hachelewi kung'amua kuwa mzinga ni mtupu. Kwa hivyo, mkulima anayetaka kulindwa na nyuki hana budi naye kuwalinda, kwa kuwawekea maji na kuhifadhi miti inayotoa maua. Bila hivyo, ua wake utabaki kuwa waya na mbao tu.