Wavu na Usawiri: Istilahi za Maji ya Kompyuta

Bahari iliyoundwa kwa kompyuta hupitia hatua tatu, na kila hatua yahitaji istilahi yake.

Kwanza ni uigaji: kompyuta hukokotoa mwendo wa chembe za kimiminiko. Chembe hizo hazina uso. Zikichorwa zilivyo, huonekana kama mchanga uliomwagwa.

Pili, chembe hufunikwa kwa pembetatu zilizounganishwa. Katika njia waliyoitangaza Lorensen na Cline mwaka 1987, nafasi hugawanywa katika michemraba midogo. Pembe 8 za kila mchemraba hukaguliwa ili kujua zipi zimo ndani ya umbo na zipi ziko nje, na pembetatu huwekwa mpakani. Muundo huu twauita wavu, kwani una mafundo na matundu kama wavu wa mvuvi.

Tatu, hukokotolewa jinsi mwanga unavyopinda na kuakisiwa, hata picha ikapatikana. Baadhi ya wafasiri huandika kwamba kompyuta "hutafsiri" maji. Kosa hili humpoteza mwanafunzi, atafute lugha pasipo lugha. Twapendekeza kusawiri, na jina lake usawiri.

Wasomaji wenye maoni watuletee kabla istilahi hizi hazijaingia vitabuni.