Uchumi wa Kando ya Barabara Kisii na Nyamira

Biashara ya barabarani ni ile ambayo muuzaji hana mlango wala rafu, bali hutandika bidhaa zake juu ya gunia, juu ya meza ya mbao au ndani ya mkokoteni, mahali wapitapo watu wengi. Katika kaunti za Kisii na Nyamira biashara hiyo ndiyo njia ambayo mazao ya mashamba madogo hugeuka kuwa fedha siku ile ile yanapovunwa. Wachumi huiweka katika sekta isiyo rasmi, istilahi iliyoenea duniani baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972, na ambayo maana yake ni shughuli halali zisizosajiliwa wala kulindwa na sheria za ajira. Istilahi hiyo hudanganya kidogo. Utafiti uliotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mwaka 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo takriban milioni 5.85 hazikuwa na leseni, kwa hiyo kinachoitwa kisicho rasmi ndicho hasa kilicho cha kawaida.

Chanzo cha biashara hii ni ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na msongamano wa Kisii ulizidi watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, kiwango ambacho katika sehemu nyingi za nchi hupatikana mijini tu. Kwa kuwa shamba hugawanywa miongoni mwa wana kizazi baada ya kizazi, familia nyingi hulima eneo lisilofika hekta moja, na katika kipande hicho hupandwa chai, migomba, mahindi, wimbi na mboga kwa pamoja. Mkulima wa namna hiyo hana mzigo wa kujaza lori. Anachohitaji ni mtu wa kununua mkungu mmoja leo na mwingine wiki ijayo, tena kwa fedha taslimu, na mtu huyo humpata kando ya barabara.

Mji wa Kisii, ambao wenyeji wazee huuita Getembe au Bosongo, umekaa mahali panapofaa kwa mabadilishano hayo, kwa sababu barabara za kutoka Migori, Kisumu, Keroka, Kilgoris na Nyamira hukutana hapo, na kadhaa kati yake hushusha kitu ambacho nyanda za juu za Gusii hazina cha kutosha. Samaki na dagaa, ambao katika eneo hilo huitwa omena, hupanda kutoka Ziwa Victoria kupitia Oyugis. Mahindi na ng'ombe hutoka upande wa Trans Mara. Ndizi, parachichi na mboga hushuka kuelekea kulikotoka bidhaa hizo. Daraja Mbili, soko la wazi la mji huo, hujaa zaidi Jumatatu na Alhamisi, siku zake za gulio, na siku hizo Waluo, Wakipsigis, Wamaasai na Wagusii hupatana bei kwa Kiswahili.

Ndizi ndiyo bidhaa inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mfumo mzima unavyofanya kazi. Mkungu, yaani tawi zima la ndizi likatwalo mgombani, hugawanyika katika chane, ambazo ni safu za ndizi zilizoshikana kwenye kikonyo kimoja. Mkungu huo huuzwa shambani kwa kukadiriwa kwa macho, bila mizani. Mnunuzi mzoefu huanza kwa kutazama pembe za ndizi ya katikati, kwa kuwa ndizi changa huwa na kingo zinazoonekana wazi ilhali iliyokomaa hujaa na kuviringika, kisha huhesabu chane, huinua mkungu kwa mkono mmoja apime uzito wake, na hutazama kama utomvu uliotoka kwenye jeraha la panga bado ni mbichi, maana utomvu uliokauka huashiria kwamba mkungu umelala. Utomvu huo huacha madoa meusi yasiyotoka kwenye nguo, na ndiyo sababu wabebaji wa ndizi hujifunga gunia kiunoni. Bodaboda hufikisha mikungu barabarani, miwili au mitatu kwa safari. Hapo dalali huikusanya hadi ijaze gari, ambalo hutandikwa majani makavu ya mgomba ili ndizi zisichubuke njiani kuelekea Nakuru au Nairobi.

Katika mnyororo huo mkulima ndiye anayejua machache kuliko wote, kwa sababu bei ya Nairobi humfikia kupitia kinywa cha yule yule anayetaka kununua kwake. Mizani ingemsaidia, na ni jambo la kusikitisha kwamba zao linalolisha familia nyingi kiasi hiki bado huuzwa kwa makadirio. Lakini mizani peke yake haitoshi pale ambapo njia ya shambani huteleza baada ya mvua na dalali ndiye pekee aliyekubali kupita. Muuzaji wa rejareja mjini, anayevunja mkungu na kuuza chane moja moja, hupata faida yake kwenye mgawanyo huo mdogo, naye hubeba hasara ya ndizi zinazoiva zote kwa mpigo.

Biashara ya mboga iko mikononi mwa wanawake karibu yote. Chinsaga, mboga ambayo Kiswahili huiita mgagani na ambayo imekuwa kama alama ya meza ya Wagusii, huuzwa pamoja na rinagu, yaani mnavu, na enderema, ambayo ni nderema ya Waswahili, kwa mafungu yaliyofungwa kwa ugwe wa mgomba. Majani haya hunyauka haraka, na saa ya kunyauka huenda sambamba na saa ya mvua, kwa kuwa nyanda hizo hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka na sehemu kubwa hunyesha alasiri. Bei ya fungu, kwa hiyo, husoma mawingu: asubuhi fungu ni moja na bei haipungui; baada ya saa saba muuzaji huongeza nyongeza, yaani kiganja cha bure juu ya kilichonunuliwa; na matone ya kwanza yanapogonga maturubai, mafungu mawili huenda kwa bei ya moja. Mnunuzi kijana humwita muuzaji mwenye umri mkubwa "baba", neno ambalo katika Ekegusii, lugha ya Wagusii, humaanisha mama na ambalo humshangaza Mswahili mgeni.

Mtaji wa biashara hii kwa sehemu kubwa ni uaminifu, na hapa Kisii inafanana na miji iliyo mbali sana nayo. Mwanaanthropolojia Sidney Mintz, aliyechunguza masoko ya Haiti, alieleza katika makala ya mwaka 1961 uhusiano unaoitwa "pratik", ambapo muuzaji na mnunuzi mmoja hushikamana kwa miaka, huyu akiongeza kipimo na kukopesha, yule akirudi hata siku ambayo kwingine ni rahisi. Wanawake wa Haiti wanaochukua mazao mashambani na kuyafikisha mijini huitwa Madan Sara, jina litokanalo na ndege mwenye kelele nyingi. Kingston, mji mkuu wa Jamaica, hutegemea wanawake wa aina hiyo hiyo katika soko la Coronation. Muuzaji wa Daraja Mbili anayesema "huyu ni kastoma wangu" anataja kitu kile kile alichokieleza Mintz, na chama chake, ambamo wanachama huchanga kila wiki na mmoja wao huondoka na fungu lote, ndio upatu wa pwani na ndio "susu" ya Trinidad. Chama hicho humpa muuzaji mkupuo wa kununulia gunia la kitunguu bila dhamana ya hati ya shamba, ambayo mara nyingi imeandikwa jina la mume au la babu aliyekwisha kufariki.

Mauzo ya barabarani hupanda na kushuka kwa kalenda ya chai. Wakulima wanaopeleka majani katika viwanda vilivyo chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, vikiwemo Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo upande wa Nyamira na Ogembo na Nyamache upande wa Kisii, hulipwa kiasi kila mwezi, kisha hupata malipo ya pili, maarufu kama bonasi, baada ya hesabu za mwaka zinazofungwa Juni, na kwa kawaida fedha hizo hufika karibu na Oktoba. Wauza mitumba, masufuria na mabati hupanga ununuzi wao kwa kuitazamia bonasi hiyo. Bonasi ikipungua, fundi cherehani wa Keroka huijua kabla ya mwenye benki. Biashara ya mitumba ilipata pigo jingine mwaka 2020, serikali ilipozuia uagizaji wa nguo hizo kuanzia Machi kwa ajili ya korona na kuuruhusu tena Agosti. Marobota yaliyokuwa yamebaki maghalani yalipanda bei, na wenye mtaji mdogo waligeukia mboga na matunda.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka masoko na leseni za biashara mikononi mwa kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, na ushuru wa soko unaotozwa kila siku ni miongoni mwa mapato ya serikali hizo. Muuzaji wa fungu la chinsaga hulipa kabla hajauza hata moja. Ni haki yake kudai kwamba kinachotozwa kirudi kwa umbo analoweza kuligusa, yaani paa, choo, maji, taa ya jioni na mfereji usiopitisha maji machafu chini ya mboga, badala ya askari wa kaunti wanaobeba bidhaa zake kwa kosa la kukaa penye wateja. Kumwondoa barabarani na kumpeleka kwenye jengo lisilopitiwa na mtu kumeshindikana katika miji mingi, kwa kuwa kinachouzwa hasa ni ukaribu: abiria wa matatu hununua kupitia dirishani katika dakika ambazo gari linasubiri kujaa, na abiria huyo hatapanda ghorofa kutafuta ndizi.

Keroka huonyesha ugumu wa suala la ushuru kwa ukali zaidi, kwa kuwa mji huo umekaa juu ya mpaka wa kaunti hizi mbili, na Kisii na Nyamira zimevutana kwa miaka kuhusu nani akusanye mapato yake. Risiti ndogo ya ushuru, inayochanwa kitabuni na kukunjwa ndani ya leso pamoja na chenji, mara nyingi ndiyo karatasi pekee inayothibitisha kwamba biashara ya muuzaji ipo. Tangu M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ianze mwaka 2007, rekodi ya simu imeanza kufanya kazi hiyo, na wakopeshaji wa mitandao huisoma ili kupima mkopaji, lakini mauzo ya fungu moja moja bado hulipwa kwa sarafu, na sarafu hizo hazionekani kwenye rekodi yoyote.