Amplifaya Isiyochemka

Elburgon ni mji wa mbao, kwa hiyo boksi la spika si tatizo: mpe seremala vipimo, utalipata. Tatizo ni kifaa cha kuendesha spika hizo, hasa kwa nyumba inayotegemea sola na betri ya volti 12.

Amplifaya za zamani, zile zenye alumini nzito mgongoni, huacha transista nusu wazi muziki unapopita. Ni dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja: gari linakwenda, ila mafuta mengi yanaishia kuwa joto. Na kwa sauti ya kawaida ya sebuleni ndipo hasara huzidi.

Amplifaya za klasi D hazijui nusu wazi. Transista ama imefunguka kabisa ama imefungwa kabisa, na hubadilika mara laki kadhaa kwa sekunde. Ikifunguka, volti iliyobaki juu yake ni kidogo mno. Ikifungwa, haipitishi umeme. Joto litoke wapi? Muziki hubebwa na muda: wimbi la sauti likipanda, kipindi cha kuwaka hurefuka, likishuka, hufupika. Mwishoni koili na kapasita huchuja papatiko hilo na kubakiza wastani wake, ambao ndio wimbo wenyewe. Ikisukumwa sana, amplifaya ya namna hii huweza kupeleka kwenye spika kama asilimia 90 ya umeme inaokula.

Wazo si geni. Sinclair ya Uingereza iliuza X-10 mwaka 1964, ikitangazwa kuwa ya wati 10. Haikuzifikia; transista za enzi hizo zilikuwa za polepole mno kwa kazi hiyo. Ilibidi transista za kasi zaidi, MOSFET, zije kwanza.

Wapo wanaodai klasi D ina sauti ya bati. Mimi hulaumu kichujio kabla ya kulaumu klasi. Koili na kapasita zake hupimwa kwa spika ya omu fulani. Katika bodi za bei rahisi, zinazokagua sauti kabla ya kichujio, ukifunga spika ya omu 8 mahali palipotengenezewa omu 4, sauti nyembamba kabisa hupanda na matoazi huanza kuchoma sikio. Ukigeuza, zinafifia. Amplifaya bora hukagua baada ya kichujio, na hapo omu za spika hazina usumbufu mkubwa.

Sasa wati. Bodi nyingi hutumia chipu ya TPA3116D2 na kuuzwa kama wati 50 kila upande. Ni kweli, ukiipa volti 21 na spika za omu 4. Kwa volti 12, hesabu inakupa wati 18 tu kabla sauti haijakwaruza. Kwa omu 8, 9. Usivunjike moyo: spika inayotoa desibeli 88 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake, itafika 97 kwa wati 9, na nyumba ya mbao haifichi kitu kwa jirani.

Jihadhari na nyaya. Redio nyingi za zamani ziliunganisha nyaya nyeusi za spika zote mbili kwenye bodi, na fundi akazoea. Kwenye chipu hii nyaya zote nne zina umeme wake. Ukizifunga nyeusi pamoja, au ukaigusisha mojawapo kwenye hasi ya betri, chipu itajizima kujiokoa, na zile zisizo na kinga nzuri huungua papo hapo.