Hakuna Riwaya Inayosema Uonevu Humkomaza Mtoto

Kila muhula ukifunguliwa, mzazi mmoja au wawili huniuliza: "Mwalimu, nimpe mwanangu riwaya gani ya shule ya bweni, aone jinsi uonevu unavyomkomaza mtu?" Nimefundisha fasihi miaka mingi na riwaya hiyo sijakutana nayo.

Wenye imani hii hukimbilia Tom Brown's School Days ya Thomas Hughes, iliyotoka Uingereza mwaka 1857. Flashman, mwanafunzi mwonevu, anambanika Tom mbele ya moto, na baadaye Tom anakuwa kijana shupavu. Basi, wanasema, moto ndio uliompika. Kisomeni kitabu! Tom alisimama kwa sababu rafiki yake East hakumwacha, Diggs wa madarasa ya juu aliwaunga mkono, na baadaye alikabidhiwa Arthur, mtoto dhaifu, amlinde. Flashman naye alifukuzwa kwa ulevi. Uonevu wake shule haikuuadhibu.

Mwondolee mtoto hao wenzake, utapata The Chocolate War ya Mmarekani Robert Cormier, ya mwaka 1974. Mwanafunzi Jerry anakataa kuuza chokoleti za shule. Genge la wanafunzi linamwandama, na mwalimu anayezihitaji fedha za mauzo hayo anaacha liendelee. Jerry anaishia chini, kapigwa hadi hoi, akitamani kumwambia rafiki yake asithubutu kamwe kupinga. Huko ndiko kukomaa?

William Golding, aliyekuwa mwalimu, alijua jinsi wakubwa wanavyochelewa. Katika Lord of the Flies ya mwaka 1954, afisa wa jeshi la majini anawakuta ufukweni wavulana waliokwama kisiwani peke yao, na mmoja wao, Ralph, anaangua kilio. Mtu mzima amefika, lakini mwenzao Piggy ameshauawa. Utoto hupotea hapo, mtoto anapogundua kwamba wakubwa huja mambo yakiwa yameharibika.

Basi vitabu hivi mpeni mtoto aliyefikia umri wa kuvisoma, msome naye, mumuulize nani aliona akanyamaza. Na mwanenu mwenyewe akianza kukataa kurudi bweni, vitu vyake vikipotea kila mara, akiwa na alama za kipigo, msimwambie avumilie. Andikeni majina na tarehe, muoneni mkuu wa shule, na akipuuza nendeni kwa afisa elimu. Akiumizwa, hospitali na polisi siku hiyo hiyo.

Msingoje likizo. Mtoto anayeonewa anahitaji mtu mzima afike mapema.